Sertralini pamoja na 5-HTP? Yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza kama unaweza kuongeza vidonge vya 5-HTP, kirutubisho cha dukani cha kuinua hisia, juu ya sertralini, dawa ya sonona unayotumia wiki ya tatu sasa, kwa kuwa huoni nafuu na kopo limeandikwa ni "asilia". Umesema pia kimoja umeshakimeza jana usiku. Jibu fupi: usimeze cha pili. Refu ni hili, maana nilifanya hicho hicho unachotaka kukifanya.

Mimi nilikuwa wiki ya tano, nimetoka kupandishwa dozi kutoka miligramu 50 hadi 100. Usingizi ulikuwa umeanza kurudi lakini moyo bado mzito, kuinuka kitandani asubuhi ni kazi ya nusu saa. Nikajinunulia 5-HTP, haihitaji cheti. Siku mbili za mwanzo nilimeza kimoja kimoja, sikuona kitu. Siku ya tatu nikameza viwili, saa moja jioni.

Saa nne usiku nakoroga chai, kijiko kikaanza kugonga kikombe chenyewe, ti-ti-ti-ti. Nikacheka. Punde jasho likanitoka hadi fulana ikalowa, tumbo likaanza kuendesha, taya zikakaza. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nataka kutembea. Nikajua tu ni ule wasiwasi wangu wa zamani umerudi, na nilikuwa nimeshika kopo tayari, nimeze kingine nitulie! Dada yangu ndiye aliyeninyang'anya na kunipeleka hospitali.

Daktari wa zamu hakuanza na damu. Alinilaza, akashika wayo wangu, akausukuma kwa ghafla kuelekea juu na kuushikilia hapo. Mguu ukaanza kudunda wenyewe mkononi mwake kama pedali ya cherehani, haukomi. Akagonga goti kidogo tu kwa nyundo, mguu ukaruka nusura umpige kidevuni. Akaniuliza natumia dawa gani. Sertralini. Nyingine? Hakuna. Akarudia: nyingine yoyote? Hakuna, daktari. Dada akafungua mkoba, akatoa kopo, akaliweka kitandani.

Sikuwa nadanganya. Kichwani mwangu lile halikuwa dawa. Dawa ni aliyoandika daktari. Lile lilikuwa kirutubisho, ndugu yake vitamini C. Na wewe swali lako umeliuliza kwa hesabu hiyo hiyo.

Alivyonieleza ni hivi. Serotonini ni kemikali ambayo seli za neva hutumiana ujumbe kwayo. Ikishatumika, seli huivuta ndani tena. Sertralini huziba njia hiyo ya kuirudisha, ndiyo kazi yake. 5-HTP nayo ni malighafi ya serotonini yenyewe, hatua moja tu kabla haijakamilika, na imeshairuka ile hatua ambayo mwili huitumia kupunguza kasi ya utengenezaji. Kwa hiyo upande mmoja unazuia isiondoke, upande wa pili unaileta kwa wingi. Ikizidi, misuli, joto la mwili, mapigo ya moyo na utumbo vyote vinavurugika. Wenyewe huita sindromu ya serotonini. Mara nyingi huanza ndani ya saa chache baada ya kuongeza dawa au kupandisha dozi, na ikiwa kali inaua: homa inapanda sana, misuli inakakamaa, mtu anapata degedege.

Yangu haikuwa kali. Walisimamisha vyote viwili, wakanipa diazepamu ya kutuliza misuli na dripu, kesho yake jioni mguu ukawa umeacha kudunda. Sertralini nilirudishiwa baadaye, kwa dozi ndogo, chini ya uangalizi.

Sasa hilo neno asilia. 5-HTP inayouzwa hutolewa kwenye mbegu za Griffonia simplicifolia, mmea wa Afrika Magharibi, kwa hiyo kopo halijasema uongo. Lakini ini halisomi lebo. Mwaka 1989 kule Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua, na zaidi ya 30 wakafa, kwa vidonge vya triptofani, kitu cha ukoo huo huo wa 5-HTP. Uchunguzi ulielekeza kwenye mzigo wa mtengenezaji mmoja uliokuwa na uchafu. Na kwa sheria yao ya 1994, mwenye kuuza kirutubisho hana haja ya kuthibitisha mbele ya mamlaka kwamba kinafanya kazi kabla hakijafika sokoni. Nikishika kopo la namna hiyo siku hizi nakumbuka hilo.

Kuna mwingine utaambiwa ni mbadala mzuri: ua la njano linaloitwa Hypericum perforatum, kwenye makopo huandikwa St. John's wort. Huyo nadhani ni hatari kuliko 5-HTP, kwa sababu ana makosa mawili. Anagusa serotonini, na pia analiamsha ini lichome dawa nyingine haraka. Vidonge vya uzazi wa mpango, warfarini ya kuzuia damu isigande, dawa za kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa, ARV, vyote vinaweza kupungua nguvu. Mwaka 2000 watafiti walikuta kiwango cha indinaviri, ARV ya wakati huo, kinashuka kwa zaidi ya nusu kwa watu wanaotumia mmea huo. Na ukiacha leo, ini linaendelea hivyo kwa wiki kama mbili.

Usidhani vinavyogongana na sertralini ni vya hisia tu. Dawa ya kikohozi yenye dekstromethofani imo, na tramadoli ya maumivu imo. Ibuprofeni haihusiki na serotonini, ila ikikutana na sertralini hatari ya kuvuja damu tumboni inaongezeka. Mafuta ya samaki na vitamini D kwa kiwango cha kawaida mimi natumia, daktari anajua.

Na asije mtu akakushauri uache sertralini ghafla ili upishe 5-HTP. Utapata kizunguzungu na ile mishtuko ya umeme kichwani, halafu dawa haitoki mwilini siku unayoiacha. Fluoksetini, ndugu yake sertralini, ndiyo usiseme, inakaa wiki kadhaa.

Kuhusu kutoona nafuu: wiki ya tatu bado mapema. Mara nyingi huchukua wiki nne hadi sita, na nakuelewa kabisa, kwa mtu aliye ndani ya sonona wiki moja ni mwaka. Lakini aliyeandika dozi anaweza kuipandisha au kubadili dawa. Ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri miadi, nenda siku hiyo hiyo.

Hicho cha jana: mpigie daktari au mfamasia leo, kabla ya dozi ijayo, umtajie jina na miligramu zilizoandikwa kwenye kopo. Kama tayari unatetemeka, unatoka jasho bila sababu, moyo unakimbia au una homa, acha kusoma hapa, nenda hospitali, na kopo liwe mkononi. Vinginevyo rudi jioni utuambie amesemaje.