George na Lennie: trajedi ao huzuni tu?

SWALI: Yaya, salamu kutoka Himbi hapa Goma. Tulisoma Des souris et des hommes ya John Steinbeck, ya mwaka 1937, sasa mwalimu anasema ile si trajedi juu trajedi inaomba mfalme mwenye kuanguka kama Oedipe, ule mfalme wa trajedi ya Wagiriki wa zamani, na hawa wawili, George na Lennie, ni vibarua tu wa California wenye kutafuta kashamba na sungura. Mimi nililia sana pa mwisho. Nililia bure?

JIBU: Hapana mudogo wangu, hukulia bure. Mambo ya watu wakubwa inatoka kwa Aristote, mwanafilozofi wa Ugiriki wa zamani, ni kweli, lakini mwaka 1949 Arthur Miller, mwandishi wa teatre wa Amerika, aliandika kama mtu wa kawaida naye anafaa kwa trajedi sawa na wafalme, na mimi niko upande yake kabisa.

Fasi moja tu mwalimu ana haki: ndoto kupotea haitoshi. Mwenye nyumba yake ilibaki chini ya lava ya Nyiragongo mwaka 2002 tulilia naye, lakini volkano haina moyo, ule ni msiba. Trajedi ni wakati kitu kizuri ndani ya mtu ndiyo inamuangusha. Angalia mikono ya Lennie, anapenda kupapasa vitu laini, panya, kitoto ya imbwa, kiisha nywele ya bibi ya Curley (Curley ni mtoto wa bosi wao), na kila mara anaua bila kutaka. Na George! Alitoroka naye kule Weed, mji walitumika mbele, akamuonyesha fasi ya kujificha ku mto kama mambo inaharibika, na ni pale pale anakuja kumupiga risasi ku kisogo, huku bado anamusimulia lile shamba lao. Mbele ya hapo mzee Candy, kibarua mwenzao, aliacha mtu mwingine aue imbwa yake, akajuta, akamuambia George ingefaa afanye mwenyewe. Curley alikuwa anakuja na bunduki na hasira, sasa George angemuacha rafiki yake mu mikono ile?

Tena mbele ya maiti ya bibi ya Curley, George anamuambia Candy kama labda alijuaka tangu mwanzo shamba hawatapata. Oedipe naye anajua kweli yake akiwa amechelewa, tofauti iko wapi?

Pa mwisho Slim, kibarua mwenzao, anaelewa, anamupeleka George wakanywe kidogo. Carlson, kibarua mwingine, anabaki nyuma, anauliza hawa wawili wana nini.