Jibu: Mnunuzi wa friji amelipa hundi iliyozidi bei

Dada, usimtumie hata shilingi. Unasema friji ni 45,000, naye ameweka hundi ya 70,000 kwenye akaunti yako, sasa anataka umrudishie 25,000 kwa M-Pesa leo leo kabla gari la kubeba friji halijaondoka Kisumu kwenda Kakamega. Huyo ni tapeli. Mnunuzi wa kweli aliyekosea kiasi huandika hundi nyingine.

Kinachowaponza wengi ni ule ujumbe wa benki kwamba pesa zimeingia. Hundi ikishawekwa, kiasi kinaweza kuonekana kwenye akaunti ilhali benki ya mwenye hundi bado haijakubali kulipa. Hapa Kenya hilo huchukua kama siku moja ya kazi, na ndiyo maana anakuharakisha hivyo. Hundi ikirudi bila kulipwa, benki inaondoa 70,000 zote, na zile 25,000 zako yeye ameshazitoa kwa wakala na kuzima simu. Hata hundi inayoandikwa na benki yenyewe (banker's cheque) hughushiwa, usiiamini kwa muhuri tu.

Nenda tawi lako uulize kama hundi imelipwa, si kama imewekwa. Friji isitoke mlangoni mpaka ujibiwe. Kama umeshatuma, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, sasa hivi, halafu polisi.