Leseni ya Udereva Minnesota Bila Makaratasi ya Uhamiaji

Pole, dada. Kuendesha gari kwenda zamu ya usiku bila leseni, moyo ukidunda kila uonapo taa za polisi, nakuelewa, nimepitia. Kuisha kwa viza yako hakukuzuii: tangu tarehe 1 Oktoba 2023, kwa leseni ya kawaida, jimbo la Minnesota, Marekani, halidai uthibitisho wa hali yako ya uhamiaji. Angalia kwanza pasipoti yako ya Kenya isiwe imekwisha muda. Utafanya mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Fomu isome polepole: kama si raia, usijiandikishe kupiga kura, hata karani akikuharakisha. Kosa hilo laweza kukuharibia kesi nzima ya uhamiaji. Kupandia ndege, leseni hii peke yake haitoshi. Na kama una amri ya kuondolewa nchini, muone wakili wa uhamiaji kabla hujaomba.