Zote si zina >>=?

Jana nimefungua kazi ya kijana wetu mpya, nikakuta Lwt na Async, maktaba mbili hasimu za kuendesha kazi nyingi kwa pamoja, kwenye faili moja la dune (chombo cha kujenga programu). Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Wadogo zangu wa OCaml, hii lugha yetu ya programu, njooni tuongee.

1. Kila mradi na swichi yake ya opam, yaani kompaila na vifurushi vyake peke yake. Nimemaliza.

2. Chagueni upande mapema. Maktaba za msingi ni Stdlib, Base, Containers, Batteries: zote zina List, na hazikubaliani. List.find ya Stdlib isipopata kitu inakurushia kosa la Not_found, ya Base inakurudishia option (thamani inayoweza kuwa tupu). Na ukishaandika open Base, alama ya = inalinganisha int tu, kwa hiyo msije mezani kwangu kulalamika kuwa kompaila imeharibika.

3. Lwt na Async. Hapa nilinyolewa bila maji. Nilikuwa na seva ndogo ya kupokea taarifa za malipo, ya Async. Nikahitaji maktaba ambayo ilikuwepo ya Lwt tu. Kaka mmoja pale kazini akaniuliza, "Una hakika zitakaa pamoja?" Nikamjibu, "Zote si zina >>=?" (ile alama ya kuunganisha hatua moja na inayofuata). Mpaka leo nikikumbuka naona aibu. Kila moja ina mzunguko wake wa kusubiri matukio na inataka kushika usukani peke yake. Nikaipa kila moja thredi yake, katikati nikatia foleni niliyoibuni mwenyewe. Kwenye laptopu yangu ikakimbia vizuri. Usiku wa tatu ikaganda: logi safi, CPU sifuri, programu iko hai lakini haijibu. Kumbe nilikuwa naita Lwt.wakeup (ya kuamsha kazi inayosubiri) kutoka thredi ya Async, Lwt yenyewe imelala inasubiri soketi, habari haina. Mimi nilifanyaje? Nikaweka cron, kipangaji cha kazi za kujirudia, iizime na kuiwasha kila saa, nikakaa kimya. Wiki tatu! Mpaka mteja akapiga simu kuuliza pesa yake iko wapi. Kuiandika upya yote kwa Lwt kulinichukua siku mbili. Mbili tu, jamani.

4. Somo likitaja camlp4, chombo cha zamani cha kubadilisha sintaksia, lipiteni. Likitaja jbuilder, hiyo ndiyo dune kabla ya kubadilishwa jina 2018.

5. OCaml 5.0 ilitoka Desemba 2022 na effects (njia ya kusimamisha kazi na kuiendeleza baadaye), ndipo Eio, maktaba nyingine ya kazi kama za Lwt na Async, ikapata pa kusimama: unaandika mstari kwa mstari bila >>= yoyote. Mimi naipenda. Ila yule kijana ameshaniuliza kama anaweza kuiongeza juu ya zile mbili. Nimemtuma chai.