Mkuu, hayo maswali 80 yachane kabla hujamgusa Bi mkubwa

Umeuliza mambo matatu: mzee kuandika maisha yake inamsaidia nini, ununue laptop au daftari, na kuchapa kitabu ni bei gani. Mimi nimekwama pale uliposema umeshaandaa maswali 80 kwa mpangilio wa miaka na kila tarehe atakayotaja mama utaigugo hapohapo. Roho imenipaa.

Nilifanya hivyohivyo kwa mshua. Kuna jamaa wa semina alitukusanya ukumbini, laki na nusu kila kichwa, soda moja sambusa mbili, akatuambia kumbukumbu bila tarehe ni porojo. Nikamwamini kama mtume, nikarudi home na kaunta buku la kwaya tatu na kalamu za rangi. Za rangi jamani.

Mshua alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa TAZARA, ile reli ya Dar kwenda Zambia, kipande cha Mlimba kwenda Makambako, kile cha mahandaki na madaraja. Siku hiyo kakaa kwenye kigoda anamenya machungwa, yuko moto kabisa, anasimulia Mchina mmoja waliyekuwa gengi moja wanaelewana kwa ishara tu, anacheka peke yake, mara akasema "basi mwaka ule wa njaa, sabini na nne, ndo reli inafika Makambako, yule Mchina akaniita pembeni..." na mimi simu mkononi nikamkata. "Haiwezekani mzee, reli ilishavuka mpaka wa Zambia 1973, Makambako ingefikaje 74?"

Kisu kikasimama kwenye chungwa. Akanitazama. "Kumbe unajua. Basi andika wewe."

Hakugomba. Akamaliza kumenya, akanipa na mimi nusu. Nami badala ya kuomba radhi nikasonga na swali la 12 kama karani wa sensa! Kuanzia hapo ikawa ndiyo, hapana, sikumbuki. Nikajiambia nitarudi akipoa. Miezi minne mbele kiharusi, mdomo ukaenda upande, maneno yakagoma, na mwaka juzi tukamzika. Mchina alimwambia nini pale pembeni sijui mpaka leo. Ila tarehe ninayo, safi kabisa, imehakikiwa. Jamaa wa semina aje aichukue anirudishie laki na nusu yangu.

Halafu mimi nilikuwa naona anavyorudiarudia stori za ujana ni uzee unamtoa relini (samahani kwa reli). Kumbe daktari mmoja Mmarekani, Robert Butler, alishaandika tangu 1963 kwamba mzee kurudia ya zamani si akili kuchoka, anayapitia maisha yake ayaweke sawa. Na watu wakishazeeka wanakumbuka zaidi mambo ya kuanzia miaka 10 hivi mpaka 30, kwa hiyo ukimfuata na mstari wako wa miaka unambana, muache aingilie mlango anaoujua.

Kwa shangazi nimejifunza. Ana 74, simu naweka mezani inarekodi, nauliza kitu kimoja tu, "ikawaje?", nanyamaza. Akikosea mwaka nameza mate. Akisema mjomba alikuwa mrefu kama mnazi na mimi picha ninayo, mjomba ni mrefu kama mnazi. Zamani alikuwa analala mchana kutwa, sasa saa nne asubuhi kashavaa kanga nzuri anauliza "leo hurekodi?", na amemtafuta shoga yake wa darasa la nne waliyenuniana kisa kitenge, wanapigiana simu kila Ijumaa. Faida umeuliza, ndo hizo.

Tarehe utarekebisha baadaye peke yako usiku, yeye kalala. Mbele yake usimsahihishe HATA MARA MOJA, hata akisema Nyerere alikuwa kipa wa Yanga.

Laptop sijui na kava gumu watakujibu wengine, shangazi anabip hapa, leo ni zamu ya stori ya foleni ya sukari.