Mtoto amebadilika, apelekwe kwa nani? Majibu kwa wasomaji wa Mwanza na visiwani

Barua za safari hii zimetoka Igoma, Ukerewe, Sengerema, Magu na Kirumba. Tumezifupisha, na tumeondoa kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtoto.

Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu. Mwalimu mkuu kaniita, anasema nimpeleke kwa daktari wa akili kwa sababu hatulii, kazi hamalizi, na mara nyingine anakodoa macho tu hata akiitwa jina. Nyumbani ni mtundu lakini si mjinga. Naogopa akifunguliwa faili huko ataitwa kichaa maisha yake yote. Nianzie wapi? (Mama, Igoma)

Marahaba mama. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ukifika usiseme "mwanangu mtundu" ukaishia hapo. Eleza kama ulivyotueleza sisi, hasa hilo la kukodoa macho, maana huenda ndilo zito kuliko yote. Kuna kifafa kisichomwangusha mtoto. Anazubaa kwa sekunde chache, kope zinachezacheza, hasikii hata akiguswa bega, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya kana kwamba hakuna kilichotokea. Inaweza kumpata mara nyingi kwa siku, na mwalimu akadhani ni dharau. Likitokea mbele yako, mguse, mwite, hesabu sekunde, na kama simu iko karibu mrekodi. Video fupi ya namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Pale kituoni waombe pia waangalie mambo yanayojificha nyuma ya utundu. Masikio kwanza, hasa kama amewahi kutoka usaha: mtoto asiyesikia vizuri hawezi kufuata maagizo. Macho nayo, kwa sababu asiyeona ubaoni hamalizi kuandika. Damu ipimwe kama imepungua, na selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi) isisahaulike, maana Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huo, na unaweza kuujeruhi ubongo kimyakimya, bila kupooza mkono wala mguu, mtoto akabaki na shida ya umakini tu. Tena, je, anakoroma sana usiku na kulala mdomo wazi? Nyama za puani zikimnyima usingizi, mchana atakuwa hatulii.

Baada ya hapo uombe barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sekou Toure, au Bugando ambayo ni hospitali ya kanda. Ukitumia bima, kuruka ngazi kunaweza kukufanya ulipe mfukoni.

Huko utakutana na watu ambao wengi huwachanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyeongeza masomo. Yeye ndiye anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Mabingwa waliosomea watoto peke yao ni wachache mno nchini, kwa hiyo usishangae mwanao akionwa na bingwa anayetibu pia watu wazima. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Anapima uwezo wa kujifunza, anazungumza na mtoto, anawafundisha wazazi namna ya kukabili tabia. Muuguzi wa afya ya akili ndiye utakayemwona mara nyingi kuliko wote, mzoee. Afisa ustawi wa jamii anashughulikia mambo ya nyumbani: matunzo, ugomvi, ukatili, mtoto aliyeachwa. Pakiwa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anamzoesha mtoto kukaa, kushika penseli, kuvaa mwenyewe.

Siku ya kwanza ni ya maswali zaidi kuliko vipimo. Mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alipata manjano au degedege, alikaa, alitembea na kusema akiwa na umri gani, analala saa ngapi, nani wanaishi nyumbani, anaadhibiwaje. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha tatizo la umakini na utundu uliopitiliza. Ili litambuliwe, dalili ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi. Mtoto anayesumbua shuleni tu huku nyumbani ametulia anatafutiwa kitu kingine: kusoma kunamshinda, anaonewa na wenzake, au anaogopa viboko.

Kwa hiyo nenda na kadi yake ya kliniki, madaftari mawili (moja la mwanzo wa mwaka na moja la sasa), barua ya mwalimu yenye mifano badala ya neno "msumbufu", na dawa zote alizotumia, mitishamba ikiwemo. Na kama bibi ndiye anayeshinda naye, bibi aje. Kinachoharibu ziara nyingi ni mtoto kuletwa na shangazi aliyefika juzi. Nusu ya maswali hayajibiki, mnapangiwa tarehe nyingine.

Kuhusu faili: ni siri ya hospitali. Shule haipewi mpaka wewe ukubali, na unaweza kuomba barua inayosema tu mwalimu afanye nini, mathalani amkalishe mbele, amgawie kazi vipande vidogo, amruhusu kusimama kidogo kila baada ya muda. Usishangae pia ukitoka bila dawa. Mara nyingi tiba inaanza kwa kuwafundisha wazazi, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 6 huko ndiko kwa kuanzia.

Mwanangu alizama akivua dagaa miezi minne iliyopita, mwili haukupatikana. Mjukuu wangu ana miaka 7. Tulimwambia baba amesafiri. Sasa amerudia kukojoa kitandani, na usiku akiona taa za wavuvi ziwani anasema baba anakuja. Wapo wanaosema achapwe. Tumwambie nini? (Bibi, Ukerewe)

Shikamoo bibi, na pole sana kwa msiba. Asichapwe. Mtoto hakojoi usingizini kwa kutaka, na hofu ya fimbo inaongeza kukojoa.

Mpelekeni zahanati apimwe mkojo. Mtoto aliyekwisha kukaa mkavu kwa miezi 6 au zaidi kisha akarudia, tunatafuta mambo mawili kwa pamoja, ugonjwa na mshtuko. Maambukizi ya njia ya mkojo, sukari na kichocho vyote vinaweza kumrudisha kitandani, na kwa watu wa ziwani kichocho kisipuuzwe. Muulizeni pia kuhusu choo, maana choo kigumu kilichojaa tumboni hukandamiza kibofu. Anywe maji ya kutosha mchana, apunguze kunywa katika saa mbili za mwisho kabla ya kulala, akojoe ndipo apande kitandani. Asubuhi asaidie kutoa shuka bila maneno ya kumwaibisha.

Lakini shina la jambo ni hiyo safari. Msafiri hurudi, ndiyo maana anazitazama taa. Kila usiku anangoja, na atakapojua ukweli kutoka kwa watoto wenzake, hatawaamini tena. Achaguliwe mtu mmoja anayempenda, mchana, nyumbani, amwambie kwa maneno mafupi: "Baba amekufa. Mtumbwi wake ulizama ziwani. Mwili wake haujapatikana. Hatarudi." Msitumie "amelala" wala "ametutoka", kwa sababu kwa mtoto wa umri huo kulala ni kulala, naye ataanza kuogopa kufumba macho. Kisha ongezeni neno moja ambalo watu wazima hulisahau: "Si kosa lako." Watoto wa miaka 5 hadi 9 mara nyingi hudhani hasira zao au utukutu wao ndio ulioleta kifo.

Atalia, au hatalia. Anaweza kuuliza swali lilelile mara kumi kwa wiki, na dakika tano baadaye yuko nje anacheza mpira. Hiyo ndiyo huzuni ya mtoto, huja vipande vipande. Mjibuni kila mara kwa maneno yaleyale.

Mwili usipopatikana, mtoto anahitaji tendo la kuonekana kwa macho. Kama alifichwa siku za matanga, fanyeni dua au sala nyingine ndogo ya familia, naye awepo, achague kitu cha baba cha kutunza, shati au kofia. Ukerewe mnayajua haya kuliko wengi. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zilikufa roho zaidi ya 220, na nyumba nyingi zilibaki na mtoto wa kuambiwa habari kama hii.

Ikipita miezi 6 hivi na bado hachezi, hali chakula vizuri au hataki shule, apelekwe kwa mtaalamu. Akisema anataka kumfuata baba, msingoje: siku hiyohiyo.

Binti yetu wa miaka 11 anatumia fenobabitoni ya kifafa. Amekuwa mkali, anapiga wadogo zake. Shemeji anasema ni mapepo, dawa iachwe aombewe. (Baba, Sengerema)

Baba, dawa isiachwe hata siku moja bila daktari. Fenobabitoni ikikatwa ghafla, degedege linaweza kuja mfululizo lisikome, na hilo huua. Maombi yaendelee, vidonge viendelee.

Ukali huo unaweza kutokana na dawa yenyewe. Fenobabitoni inajulikana kuwafanya baadhi ya watoto kuwa wakali, wasiotulia au wenye kusinzia darasani. Rudini kliniki mkaeleze ukali ulianza lini, na kama dozi ilibadilishwa karibu na hapo. Apimwe uzito, kwa sababu dozi hufuata kilo na watoto hukua. Daktari anaweza kumhamishia dawa nyingine taratibu, huku akipunguza ya zamani kwa wiki kadhaa. Mkitajiwa sodiamu valproeti, ulizeni kama ipo nyingine inayomfaa: huharibu mimba changa vibaya, na msichana wa miaka 11 hayuko mbali na umri wa kuzaa.

Asiende ziwani kuoga wala kuteka maji peke yake. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni, tazameni saa. Zikizidi dakika 5, hospitali.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Amejitenga, hali chakula, na nimekuta ameandika kwenye daftari kwamba amechoka kuishi. Nikimuuliza, si nitamtia wazo la kujiua? (Mama, Magu)

Hutamtia, mama. Muulize leo, mkiwa wawili, kwa sauti ya kawaida: "Nimesoma ulichoandika. Unafikiria kujiua?" Akikubali, endelea: amefikiria namna gani, ana kitu mkononi, lini? Usimhubirie dhambi wala aibu ya ukoo. Msikilize, mshukuru kwa kusema.

Kabla jua halijazama toa nyumbani dawa za kunyunyizia pamba, sumu ya panya na vidonge vyote, vipeleke kwa jirani au vifungiwe chini ya ufunguo usio wake. Hamu ya kujiua huja kwa mawimbi, na saa ile mbaya ikimkuta sumu haipo, mara nyingi hupita. Asilale peke yake. Mpeleke hospitali ya wilaya leo, au kesho asubuhi kama alisema hana mpango wowote. Usingoje siku ya kliniki. Namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, hupigwa bure.

Kama amekwisha kumeza kitu, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta. Beba chupa au pakiti uende nayo. Hata kama ni parasetamoli na anaonekana mzima, nenda: ini huharibika kimya na dalili hujitokeza baada ya siku moja au mbili.

Mtaalamu atataka kuzungumza naye peke yake. Usichukie. Atakachoambiwa kitabaki siri, isipokuwa maisha yakiwa hatarini au mtoto akiwa anatendewa ukatili. Hapo wazazi, ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi watahusishwa. Ikiwa ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, tiba ya mazungumzo hutangulia. Sonona ikiwa kali anaweza kuongezewa dawa ya fluoksetini, ambayo huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi, na wiki za mwanzo anahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. Usimnunulie amitriptilini duka la dawa kwa ushauri wa mtu: haifai kwa sonona ya umri wake, na ikimezwa kwa wingi huua moyo.

Mwanasaikolojia anataka baba wa mtoto aje kliniki. Baba, ambaye ni mvuvi wa dagaa, anasema mgonjwa ni mtoto, yeye hana ugonjwa. Tufanyeje? (Mama, Kirumba)

Hajaitwa kutibiwa. Anaitwa kwa sababu kanuni zinazowekwa kliniki (saa ya kulala, adhabu, nani asemeje mtoto akikasirika) hazishiki ikiwa mzazi mmoja anafuata na mwingine anazivunja, na mtoto hujifunza haraka upande wa kukimbilia. Mwambie muuguzi ampigie mwenyewe. Wanaume wengi humkatalia mke lakini huitika simu ya hospitali. Aombwe ziara moja tu, na aulizwe yeye anaona nini kwa mtoto, badala ya kusomewa mashtaka.

Umeandika kwamba anavua dagaa. Basi usipokee tu tarehe yoyote utakayopewa: taa za dagaa hazifai usiku wa mbalamwezi, na hizo ndizo siku anazokuwa nchi kavu na amelala. Omba mpangiwe wiki hiyo ya mbalamwezi, saa tatu au nne asubuhi.