Kabla hujauziwa raki nzima, itingishe tairodi mwenyewe

Kuna ndugu wa Mikindani kanitumia meseji juzi, asema gari yake yalia ko-ko-ko mbele akipita matuta na steringi haitulii, na fundi kamwambia raki, kile chuma cha chini kinachopokea mzunguko wa steringi kikageuza matairi, imekufa, aanze kutafuta pesa ya raki ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani, na leba juu. Auliza, "Ami nifanyeje?" Uami sijaufikia bado lakini sawa. Nliposoma ile meseji damu ilinipanda kichwani, manake maneno hayo hayo nliambiwa mimi kwenye gereji moja hapa mjini, siitaji jina, na mpaka leo nikipita ile barabara naangalia upande wa pili.

Mimi nina Toyota 110, ile Corolla ya miaka ya tisini mwishoni, waijua, nusu ya Kisauni wanazo. Ilianza kuyumba nikivuka daraja la Nyali, ukinyoosha steringi yenyewe yataka kwenda kando, halafu tairi la mbele kushoto likaliwa upande wa ndani mpaka waya ukaonekana na hata halikuwa la zamani. Nikaenda gereji. Yule fundi, wallahi, hakupiga jeki, hakuinama, aliingiza mkono dirishani akatingisha steringi mara mbili akasema "raki hiyo boss". Nikamwambia si tuinue basi tuangalie tairodi kwanza, ile fimbo inayounganisha raki na tairi? Akacheka. Akawageukia vijana wake akasema huyu ni mtu wa laptop mwacheni. Vijana nao wakacheka. Sasa mimi kucheka na mimi siwezi, nikaingia gari nikaondoka taratibu mpaka nyumbani.

Jumamosi nikapiga jeki mwenyewe uani. Na hapa ndo sikiliza vizuri ndugu wa Mikindani. Tairi likishanyanyuka kutoka chini, weka mkono mmoja kushoto wa tairi na mwingine kulia, sukuma huku vuta huku, kwa haraka. Likicheza hivyo, mara nyingi ni tairodi endi, ncha ya tairodi upande wa tairi, au raki endi, ile ya upande wa raki. Kisha weka mkono juu na mwingine chini utingishe tena, likicheza hivyo angalia boljointi, ile kifundo kinachobeba mkono wa tairi, au beringi ya tairi, hiyo ni habari nyingine. Mwambie mtoto wa jirani atingishe wewe ulaze kichwa uchungulie pale tairodi inapoingia kwenye ule mkono wa chuma wa tairi. Yangu ilikuwa yaruka wazi wazi, raba yake imepasuka, grisi yote imetoka na mchanga umeingia mahali pake. Raki yenyewe ilikuwa imetulia tuli. Nlikaa pale chini kwenye simiti nikacheka peke yangu, na sikucheka kwa furaha.

Spea nlichukua Jomo Kenyatta Avenue. Ukienda, beba ile ya zamani mkononi kama ushaifungua, usimwambie muuzaji jina la gari tu, kwa sababu kwake yeye zote ni ile ile. Zungusha kwa vidole ile bolti inayochomoza kwenye tairodi endi mpya: iwe nzito na isikwame popote. Ikizunguka nyepesi rudisha hata kama boksi limeandikwa orijino kwa herufi za dhahabu. Na nunua za pande zote mbili, zimezaliwa siku moja hizo.

Kazi yenyewe si ngumu, kinachokusumbua ni kutu. Sisi hapa tuna chumvi hewani mwaka mzima, nati ya gari ya Mombasa si nati ya gari ya Nairobi. Nyunyiza WD-40 usiku, asubuhi tena, halafu piga brashi ya waya. Legeza loknati, ile nati inayoibana tairodi endi isizunguke, kidogo tu, robo mzunguko, kisha paka alama kwa korekshoni, ile rangi nyeupe ya kufutia wino, pale ilipokuwa. Toa ile spliti pini, kile kipini cha kukunja kinachozuia nati isifunguke, fungua nati ya juu ya ile bolti lakini usiitoe yote, iache ishike nyuzi mbili tatu. Sasa watu wengi huanza kuipiga bolti nyundo kutoka juu, wanaiua nyuzi na raba na bado haitoki. Piga pembeni, kwenye lile jicho la chuma lililoishika, nyundo nzito na pigo moja moja la maana. Ile bolti imechongwa nyembamba kuelekea mwisho, imejibana tu, jicho likishtuka inaachia yenyewe. Yangu iliachia kwa kishindo mpaka mama akachungulia dirishani kuuliza nimevunja nini.

Ukiizungusha tairodi endi itoke, hesabu mizunguko, na mpya iingie mizunguko hiyo hiyo. Ukifunga nati ya juu na bolti yote yazunguka nayo, isukume kwa jeki kutoka chini ijibane, itakubali. Tundu la spliti pini lisipolingana na mkato wa nati, kaza mbele kidogo, usirudishe nyuma kamwe. Na spliti pini iwe mpya, ya shilingi chache, nishaona watu wanakunja msumari pale halafu wanapakia familia kwenda Malindi.

Jeki nayo. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Weka stendi, na lile tairi ulilotoa lilaze chini ya bodi. Bloki za matumbawe tunazojengea humeguka ghafla, msizitumie jamani, naomba. Vijana mwapenda kuniandikia "si nliweka jiwe na sikufa". Haya, hongera.

Na hili nalisema kwa uchungu: sisi wenye gari kuukuu tumezoea kuogopa fundi. Twamsimamia pembeni na soda mkononi twaitikia tu. Gari ni yako, pesa ni yako, mwambie ainue, mwambie akuonyeshe kinachocheza, akikataa ondoka. Atacheka, mwache acheke. Tairodi mbili mpya hazikaribii hata nusu ya bei ya ile raki nliyotajiwa.

Ukimaliza nenda alaimenti, wakunyooshee matairi kwa mashine, siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi, hesabu ya mizunguko yakufikisha pale tu, haikunyooshei tairi. Endesha pole pole, usipitie madaivashoni. Mwambie fundi wa alaimenti aweke steringi katikati kwanza kabla hajagusa kitu, na kabla hujalipa inama mwenyewe uangalie loknati zote mbili zimekazwa, manake wale wakiona gari nyingine yaingia akili yote huhamia huko.